Umeshafanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, sasa uko nyumbani: maswali yenu ya siku za kwanza

Toleo lililopita tuliongelea operesheni za kupunguza uzito na nani anafaa kufanyiwa. Nilitegemea maswali ya watu wanaojiuliza wafanye au wasifanye, kumbe meseji nyingi zimetoka kwa waliokwisha fanyiwa, wamelala nyumbani wanaumwa, karatasi ya maelekezo wanayo lakini walisomewa wakiwa bado na usingizi wa dawa. Kwa hiyo leo ni ninyi tu. Majina nimeyaondoa na maswali marefu nimeyafupisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mdada, nimefanyiwa sliivu (ile ya kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula) juzi na jana nimeruhusiwa. Cha ajabu vile vidonda vya tumboni haviumi sana, kinachoniua ni bega na huku juu ya tumbo, kama nimejazwa upepo, usiku sikulala kabisa. Halafu naambiwa nitembee tembee, sasa natembeaje na hali hii? Na hili bega ni moyo au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Operesheni yako imefanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, na ili dokta aone vizuri lazima tumbo lijazwe gesi ya kabonidayoksaidi linyanyuke. Wakimaliza wanaitoa ila haitoki yote, inayobaki inapanda na kusumbua ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya huo msuli inaanzia shingoni sehemu moja na neva za bega, kwa hiyo ubongo unadhani anayelalamika ni bega. Dawa ya maumivu haiisaidii sana gesi, kinachosaidia ni kutembea, kulala umeegemea mito badala ya kulala chali kabisa, na kitambaa cha moto begani. Ndani ya siku chache mwili unainyonya inaisha.

Kutembea sasa. Sikuambii kwa ajili ya gesi tu, nakuambia kwa sababu baada ya operesheni yoyote kubwa damu inapenda kuganda miguuni, na ukiwa na uzito mkubwa inapenda zaidi, na bonge la damu likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua. Usijiinue mzima mzima kama ulivyozoea, geukia ubavu, shusha miguu kitandani, halafu jisukume kwa kiwiko na mkono mpaka ukae, tulia kidogo kizunguzungu kipite ndio usimame. Ukikohoa au kupiga chafya kumbatia mto tumboni. Dakika chache tu kila saa ukiwa macho, chumbani sebuleni chumbani sebuleni, inatosha kabisa kuliko kulala siku nzima halafu jioni ujilazimishe mzunguko mrefu. Kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda za kuchoma nyumbani maliza zote hata ukijisikia mzima, na kile kidude cha plastiki chenye vipira cha kuvuta pumzi usikitupe kwenye mfuko, kinafungua mapafu yako ili usipate nimonia.

Ila sikiliza hapa na ninaomba kila anayesoma asikilize. Bega la gesi linapungua kila siku. Kama maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, au una homa ya 38 na kuendelea, au unashindwa kupumua vizuri, au moyo unakimbia ukiwa umekaa tu umetulia, usisubiri kesho. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu mapigo nusu dakika halafu zidisha mara mbili, ikifika 120 ukiwa umepumzika nenda hospitali saa hiyo hiyo. Moyo kwenda mbio mara nyingi ndio dalili ya kwanza kwamba pale tumbo lilipokatwa na kubanwa stepla panavuja, tena unaweza kutangulia kabla hata tumbo halijauma sana. Na uvujaji wenyewe mara nyingi unajitokeza mtu ameshaenda nyumbani, ndio maana narudia rudia. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, hiyo pia ni ya kwenda, na kifua kikibana ghafla hamna kusubiri kabisa.

Ukifika mapokezi sema umefanyiwa operesheni gani na lini, omba dokta aliyekupasua apigiwe. Na asipitishe mtu mpira wa puani kwenda tumboni bila kuongea na daktari wa upasuaji, maana mshono bado mbichi.

SWALI: Habari za kazi dokta. Leo ni siku ya nne. Nimeambiwa ninywe lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, mi nikinywa mafunda mawili tu kifua kinabana utafikiri nimemeza jiwe, natema mate yenye povu. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Hivi kweli kuna mtu anaweza hiyo lita moja na nusu?

JIBU: Wapo, kaka, na wewe utaweza, ila siyo kwa kunywa ulivyozoea. Kwenye sliivu wanatoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula, kinachobaki ni mrija mwembamba, na sasa hivi huo mrija umevimba kwa sababu umetoka kukatwa. Funda kubwa linagonga pale juu linakosa njia, ndio hilo jiwe unalosikia.

Tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki cha dawa ya maji ya watoto, chenye mistari ya kupimia. Jaza mpaka 30, hizo ni mililita. Hicho kikombe ukimalize kwa robo saa, siyo kwa mkupuo, unalowesha mdomo, unameza kidogo, unatulia. Robo saa ikiisha jaza tena, weka alamu kwenye simu kama unasahau. Kila saa umekunywa 120, masaa 12 mpaka 13 uko macho umefika lita moja na nusu. Siku za mwanzo hautafika huko, usijilaumu, angalia tu kama leo umezidi jana. Wengine maji ya uvuguvugu yanapita vizuri kuliko ya baridi, wengine kinyume chake, jaribu yote. Mrija wa kunyonyea achana nao kwa sasa maana unaingiza hewa, soda na kinywaji chochote chenye gesi usiguse, pombe na sigara hata usiulize.

Supu iliyochujwa inahesabika, maziwa na kinywaji cha protini vinahesabika pia kama timu yako imeshakuruhusu. Lengo la protini huwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku lakini wiki hii ya kwanza maji kwanza, protini inafuata, usije ukajishindilia protini nzito ukatapika ukapoteza na maji uliyonayo.

Sasa huo mkojo wa chai. Hiyo ni dalili kwamba mwili umekauka, na kukauka maji ni moja ya sababu kubwa zinazorudisha watu hospitali baada ya hizi operesheni. Piga simu hospitali leo. Ukiona kizunguzungu kila ukisimama, mdomo mkavu, mkojo haba, au kila unachokunywa kinarudi nusu siku nzima, unahitaji dripu na wala siyo aibu. Na kama kuna dawa za presha zile za kukojoza bado unameza, waambie, zinaweza kuhitaji kupunguzwa au kusimamishwa. Kingine, mtu aliyetapika siku nyingi mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1, akaanza kuona vitu viwili viwili, kupepesuka na kuchanganyikiwa, na madhara yake kwenye ubongo yanaweza kuwa ya kudumu. Kwa hiyo kama umetapika sana uliza B1 kabla hujawekewa dripu ya sukari, maana sukari ikitangulia inamaliza hata ile B1 kidogo iliyobaki.

SWALI: Dokta naandika kwa niaba ya mdogo wangu. Amefanyiwa baipasi wiki hii. Tangu arudi analia, anasema anajuta, kwa nini alijifanyia hivi, tukila anafunga mlango kwa sababu ya harufu. Mama hawezi kuvumilia, anasema mtoto atakufa na njaa, anataka ampe chakula kidogo tu kilichopikwa kikalainika. Kuna ubaya gani?

JIBU: Dada, kwanza mwambie mama kwa heshima zote kwamba namuelewa, mzazi kumuona mwanae anashinda na maji na supu inauma. Ila hapana, asimpe. Kwenye baipasi dokta ametengeneza kifuko kidogo cha tumbo akakiunganisha upya na utumbo, ile maungio ndiyo inajishika sasa hivi, chakula hata kilaini kinaweza kukwama, akatapika kwa nguvu, na kutapika kwa nguvu kunavuta mshono. Utaratibu wa kawaida ni vimiminika kwa takriban wiki mbili, halafu vilivyosagwa kabisa, halafu vilaini vya kupondwa na uma, chakula cha kawaida kinarudi kwenye wiki ya sita mpaka ya nane. Karatasi ya hospitali yenu ikitofautiana na hizi wiki fuateni ya hospitali, wao ndio wanajua walichofanya ndani. Na hafi njaa, mwili wake una akiba ya nguvu, kisichokuwa na akiba ni maji.

Kuhusu kulia. Nimekaa na wagonjwa wengi wa hii operesheni na naweza kukuambia majuto ya wiki ya kwanza ni ya kawaida sana, hata kwa mtu aliyeisubiri miaka. Ana maumivu, hajalala, dawa za usingizi na za maumivu zimemvuruga, halafu kile kitu alichokuwa anakikimbilia akiwa na huzuni, yaani chakula, ndicho kimeondolewa. Unamnyang'anya mtu faraja yake siku ambayo anahitaji faraja kuliko zote, lazima alie. Mara nyingi siyo hata njaa ya tumboni, ni hamu ya kichwani, na hiyo hamu haijui kama tumbo limepunguzwa.

Msimwambie "si ulitaka mwenyewe". Msimwambie pia "utakuwa mrembo", kwa sasa hataki kusikia. Pikeni wakati amelala kama inawezekana, au mlango wa jikoni ufungwe, siyo wa chumba chake, ili yeye asijione ndiye anayefungiwa. Mtu mmoja akae naye na kikombe chake cha maji badala ya kumuacha na simu. Mtembee naye. Ikipita wiki mbili tatu bado hatoki kitandani, hataki kunywa, hataki kuongea, atafutiwe mshauri, timu nyingi za upasuaji huu zina mtu wa saikolojia na ni haki yake kumuona. Akitamka kwamba hataki kuishi, msimuache peke yake na mumpeleke siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimepanda mzani siku ya tatu nimeongezeka kilo mbili!! Imefeli?

JIBU: Haijafeli. Ni maji ya dripu na uvimbe wa operesheni. Ficha mzani, upime siku utakayorudi kliniki.

SWALI: Dokta mimi nina sukari ya muda mrefu, nachoma insulini, na magoti yananiuma huwa natumia diklofenaki. Nimefanyiwa baipasi, naendelea na dozi zangu kama kawaida?

JIBU: Hapana, zote mbili usiendelee kama kawaida. Sukari inaanza kushuka siku za mwanzo kabisa baada ya baipasi, kabla hata uzito haujapungua, kwa sababu huli na kwa sababu homoni za utumbo zinabadilika. Ukichoma dozi ile ile ya zamani inaweza kushuka mpaka uzimie. Dozi mpya inatakiwa uwe umepewa kabla hujatoka hospitali, kama hukupewa piga simu sasa hivi kabla ya sindano inayofuata, upime mara kwa mara, na ukianza kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa, kunywa kitu chenye sukari kidogo kidogo. Vidonge vya sukari vile vinavyosukuma kongosho vina hatari hiyo hiyo.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote hao sahau, wanachimba vidonda pale kwenye maungio na kidonda cha pale kinaweza kutoka damu au kutoboka. Na hii siyo ya wiki hii tu, kwa mtu wa baipasi ni ya maisha. Tumia parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku nzima, ikiwezekana ya maji. Aspirini kama ulipewa na dokta wa moyo usiache mwenyewe, mpigie. Na vidonge vikubwa usivisage bila kuuliza mfamasia, vingine vimetengenezwa kuyeyuka taratibu na ukivisaga dozi yote inaingia kwa mara moja.

SWALI: Habari dokta, mi sina shida kubwa, nauliza tu naruhusiwa kuoga, kuendesha gari na kumbeba mwanangu wa miaka miwili? Na sijaenda choo siku ya tano.

JIBU: Choo kuchelewa siku hizi ni kawaida, huli, na dawa kali za maumivu zinafunga, ongeza maji na kutembea na uombe dawa ya kulainisha, ila tumbo likivimba likawa gumu na unatapika nenda hospitali. Kuoga maji ya kumwagika sawa, kausha vidonda kwa kugusa gusa siyo kusugua, kuloweka mwili kwenye maji bado. Gari usiendeshe mpaka uache dawa za maumivu zinazoleta usingizi na uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila tumbo kukukata. Mtoto hapana, wengi tunawaambia wasinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki nne mpaka sita na mwanao kashazipita zamani. Wewe kaa kwenye kochi, weka mto tumboni, mtu mwingine amnyanyue amkalishe pembeni yako.