Mama anasikia vizuri barazani, kikaoni hapati neno: nimnunulie matone?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68. Tukikaa wawili barazani tunaongea bila shida, lakini kwenye kikao cha ukoo, au TV ikiwa inanguruma, anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Hospitali walimpima wakasema masikio yake ni ya kawaida kwa umri wake. Kuna mtu anauza matone ya mitishamba ya "kuamsha mishipa ya sikio". Nimnunulie? Au ndiyo ameanza kupoteza kumbukumbu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue.

Mama alipimwa kwenye chumba kimya, akisikiliza mlio mmoja mmoja. Kipimo hicho ni cha kweli, ila hakigusi tatizo lake. Sikio halichagui. Feni, TV, wajukuu, sufuria jikoni, vyote linavipokea na kuvipeleka juu. Anayechuja ni ubongo. Kijana akikaa sebuleni, ubongo wake unaizima feni yeye mwenyewe asijue. Umri ukienda, uwezo huo wa kuzima ndio unaolegea. Wanasaikolojia Lynn Hasher na Rose Zacks walilieleza jambo hili tangu mwaka 1988: kwa mzee, mengi yasiyohitajika hupenya na kugombania nafasi na lile analolitaka.

Naliona kila wiki. Naficha mdomo kwa karatasi, natamka "paka, taka, kaka". Chumba kikiwa kimya, mzee anarudia yote bila kosa. Nikiwasha sauti iliyorekodiwa ya watu wanaoongea sokoni, "taka" inageuka "paka", na macho yake yanaanza kuutafuta mdomo wangu nyuma ya karatasi. Irabu "a" ni nene, inapenya kelele. Zinazozama ni t, k, s na f, sauti nyembamba ambazo uzee huanza nazo kwenye sikio la ndani. Ubongo unabaki kukisia neno huku unasukuma kelele pembeni, na kazi hiyo inachosha. Ndiyo maana mama anarudi harusini kichwa kinamgonga, na safari nyingine anasema hatakwenda.

Sasa hilo tone litaamsha nini? Dawa ya kudondosha inaishia kwenye kiwambo cha sikio, yaani ngoma ya sikio. Haifiki kwenye ubongo, na kiwambo kikiwa kizima haifiki hata kwenye sikio la ndani. Kikiwa kimetoboka, hapo ndipo hupita, na kuna vitu vikipita huua usikivu moja kwa moja. Nimetoa masikioni mwa wazee majani yaliyopondwa, vitunguu saumu, vipande vya pamba. Nimeona ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya taa. Wote waliambiwa "yanazibua". Mwingine huuziwa kikuza sauti mtaani bila kupimwa. Kinakuza feni na TV pamoja na mwanawe. Tafadhali, ndugu zangu, sikio la mzazi msilifanye mahali pa kujaribia bidhaa za watu.

Na kupaza sauti nako hakusaidii. Ukipiga kelele unanenepesha irabu, ile "t" inabaki palepale. Zima TV kwanza. Mwite kwa jina la heshima alilozoea, subiri akugeukie, kisha sema taratibu. Kikaoni mkalishe mgongo ukiwa ukutani, mbali na spika, na aongee mtu mmoja kwa wakati.

Kuhusu kumbukumbu: kupotewa na maneno kwenye kelele peke yake si ugonjwa wa kusahau. Ungeniambia anarudia swali lilelile mkiwa wawili kwenye ukimya, au anapotea njia ya nyumbani, ningekutaka umlete haraka. Hata hivyo msimwache ajitenge. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 2020, liliweka upotevu wa usikivu na kutochangamana na watu kati ya mambo 12 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau ambayo tunaweza kuyashughulikia. Arudi kupimwa kila mwaka, na aombe kipimo cha kusikia maneno penye kelele.

Sikio moja likiziba ghafla bila maumivu, hiyo ni dharura, aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama matone yalishaingia, asiongeze jingine. Aje kliniki ya masikio achunguzwe kiwambo, na hicho kichupa mje nacho.