Kusuka na kutia rangi vigwe vya farasi: ninayomwambia kila fundi anayeanza

Vigwe vya farasi, zile kanda mbili anazoshika mpandaji kumwongoza mnyama, usivipime vikiwa vimetundikwa ukutani. Vipime farasi akishatoka kukimbia. Jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu, na ndani yake mna protini inayolifanya litoe povu jeupe popote ngozi inaposugua shingo. Povu hilo, joto, na mkono wa mpandaji unaovuta bila kupumzika, ndivyo vitakavyoonyesha kazi yako ina thamani gani. Rangi isiyoshika itahamia kwenye shingo ya farasi na suruali nyeupe ya mpandaji siku hiyo hiyo. Msuko ambao haukukazwa sawasawa utarefuka upande mmoja, na mpandaji atakuwa anamvuta mnyama mdomo kombo bila kujua.

Ninawaandikia mafundi wa ngozi, hasa vijana wa Kariokor na kwingineko Nairobi waliozoea viatu, mikanda na mikoba, na ambao siku hizi wanapata maombi kutoka mazizi ya Karen, Ngong, Naivasha na Nanyuki. Mkono mnao tayari. Kilichobadilika ni kwamba anayevaa kazi yenu hawezi kusema panapomuuma. Ndiyo maana nina masharti mawili ambayo silegezi hata mteja akisisitiza: msuko ukae panaposhikwa na mkono wa mtu, usilale moja kwa moja juu ya mfupa wa farasi; na rangi iingie kwenye ngozi kabla ya kusuka.

Tuanze na ngozi yenyewe, maana ukikosea hapa hakuna rangi wala msuko utakaokuokoa. Ngozi nyingi zinazouzwa madukani zimesindikwa kwa kromiamu. Ni laini, zinafaa viatu na viti vya sofa, lakini kwa hatamu, yaani mikanda ya kichwani mwa farasi pamoja na vigwe vyake, hazinifai: zinavutika, kingo zake hazing'ariki hata uzisugue kutwa, na rangi nyeusi nitakayoieleza hapa haizikubali kabisa. Tafuta ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome. Kanda yetu ina bahati, kwa sababu miti ya miwati iliyopandwa nyanda za juu za Kenya na kule Njombe, Tanzania, ndiyo inayotoa magome yenye tanini nyingi, ile dawa ya mmea inayosindika ngozi, kwa kazi hiyo. Ukitaka kuzitofautisha, kata kipande kidogo utazame ndani ya mkato. Ya kromiamu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Ya magome ni kahawia iliyofifia tangu juu hadi chini, na inanuka mti.

Halafu chukua mgongo. Ngozi ya tumbo ni rahisi lakini inavutika, na ya shingoni ina mikunjo. Kwa vigwe nataka unene wa milimita 3 hivi, na kanda zote mbili, ya kulia na ya kushoto, nazikata zikiwa zimelala bega kwa bega kwenye mgongo mmoja, zikielekea upande mmoja. Ukikata moja karibu na uti wa mgongo na nyingine pembeni karibu na mbavu, zitakuwa sawa siku ya kwanza, na baada ya mvua ya kwanza hazitakuwa sawa tena. Fundi wa mikanda ya suruali hana haja ya kujua jambo hili. Fundi wa hatamu hana budi.

Ukishakata, zinyunyizie maji kidogo, funga ncha moja kwenye nguzo, vuta kwa uzito wa mwili wako, kisha ziache zikauke zikiwa zimening'inizwa na kitu kizito. Ngozi itakayorefuka, na irefuke kwako, isingoje kufika kwa mteja.

Sasa rangi. Wengi husuka kwanza kisha wakapaka, kwa sababu kazi inaonekana haraka. Tatizo ni kwamba tepe zilizosukwa zinafichana. Brashi inafika juu tu, na kigwe kikianza kupinda mkononi mistari myeupe inachungulia kati ya tepe. Mimi hupaka kanda nzima, nikaikata tepe, nikazipaka kingo mojamoja, ndipo nisuke. Ni kazi ya siku ya ziada, na hiyo siku ilipishe kwenye bei.

Kwa rangi nyeusi, achana na chupa za dukani. Nyeusi nyingi za chupa ni rangi inayokaa juu ya ngozi, na hiyo ndiyo inayotoka na jasho. Njia ninayoiamini haihitaji rangi yoyote. Chukua siki nyeupe ya kawaida na sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria isiyokuwa na sabuni. Ioshe kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta, iache ishike kutu kidogo, kisha itumbukize kwenye mtungi wa siki. Usikaze kifuniko, chuma kikiliwa na siki hutoa gesi, na mtungi uliofungwa unaweza kupasuka. Weka mbali na moto. Baada ya wiki moja au mbili, siki itakuwa imebadilika rangi na chuma kimeyeyuka. Chuja kwa kitambaa kizito mpaka kisionekane hata chembe.

Kabla ya kuipaka, pitisha chai ya rangi iliyokolea kwenye ngozi, bila sukari wala maziwa. Chai ina tanini, na kadiri ngozi ilivyo na tanini ndivyo weusi utakavyokolea. Kisha pitisha ile siki kwa kitambaa. Hapa mtazame mwanafunzi wako usoni. Ngozi ya kahawia inakuwa kijivu, kijivu kinaingia samawati, na kabla hujamaliza urefu wa ukanda ule mwanzo tayari ni mweusi. Hakuna rangi iliyopakwa: chuma kimeshikana na tanini ndani ya ngozi yenyewe, kwa hiyo hakuna kitu cha kumchafua farasi. Ukichonga ukingo utaona weusi umezama.

Iache nusu saa, kisha lazima uizimue asidi, maana ikibaki itaila ngozi polepole mpaka ipasuke. Kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya jikoni ya kuumulia keki, kwa lita moja ya maji. Pitisha, suuza kwa maji safi, futa, na kabla ukanda haujakauka kabisa upake mafuta. Usizidishe bikaboneti kwa kudhani inasaidia zaidi. Nayo ikizidi huharibu ngozi. Ukimaliza, ngozi itanuka siki kwa siku kadhaa. Mwambie mteja mapema.

Kahawia ni suala la subira tu. Kama mteja anataka kahawia nyepesi, paka mafuta membamba na uanike ngozi juani siku chache, ukiigeuza; ngozi ya magome hukolea yenyewe, na hakuna rangi ya chupa inayofikia uzuri wake. Akitaka kahawia nzito, tumia rangi ya spiriti, lakini ipunguze kwa spiriti na upake mara kadhaa nyembamba, ukizungusha kitambaa. Rangi ya spiriti hukausha ngozi, kwa hiyo ngoja mpaka kesho yake, ifute kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke safi, ndipo utie mafuta. Halafu jaribio langu: lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya chumvi, kifunge kwenye ukanda, kiache hadi asubuhi. Kikitoka na rangi, hauendi kwenye msuko. Rudi kufuta.

Kuhusu nyekundu, wanaoijua ni wengine. Kaskazini mwa Nigeria, Kano na Sokoto, mafundi wa Kihausa wana desturi ya kusindika ngozi ya mbuzi kwa maganda ya mgunga na kuitia wekundu wa mtama. Ngozi hizo zilivuka Sahara kwa misafara mpaka Afrika Kaskazini, na Ulaya zikajulikana kama ngozi za Moroko. Mpaka leo farasi wa Durbar, maandamano ya wapanda farasi wakati wa sikukuu ya Idi, hutoka wamevikwa ngozi za rangi na nakshi zinazostahili kutazamwa na kila fundi wa kazi hii. Jambo la kujifunza kwao ni heshima kwa mbuzi: ngozi yake ni nyembamba lakini ngumu ajabu. Kwa msuko mwembamba wa mapambo, wa milimita 1 hivi, kama wa mkanda wa kipaji, ule unaopita kwenye paji la uso wa farasi, mbuzi hunifaa kuliko ng'ombe aliyepunguzwa unene.

Msuko ninaoupendekeza kwa vigwe ni wa tepe tano, bapa. Kigwe cha farasi mkubwa hufika kama mita 1.4 hadi 1.5 kila upande, lakini husuki chote. Karibu na lijamu, kile chuma cha mdomoni, acha ukanda mzima, kwa sababu hapo panashonwa, panalowa mate na panasuguana na chuma. Suka sehemu ya mkono tu, kama sentimita 60. Ukanda wa milimita 20 unatoa tepe tano za milimita 4. Urefu wa tepe uwe zaidi ya urefu wa msuko kwa theluthi moja, na ngozi ikiwa nene, kwa nusu. Tepe iliyobaki unaikata. Iliyopungua hakuna dawa yake.

Chonga kingo za kila utepe upande wa chini, kidogo tu, ili tepe zilale bila kuacha vidonda vya kona. Watu wa haraka huiruka hatua hii, na ukishika kazi yao kiganja kinakuambia. Kisha pakaa tepe mchanganyiko wa sabuni ya mche iliyokunwa, shahamu ya ng'ombe na maji, uliochemshwa ukawa kama uji mzito. Zitateleza, zitakaza, na zikikauka mafuta yatabaki ndani.

Gawanya tepe: tatu kulia, mbili kushoto. Shika ya pembeni kabisa upande wenye tatu, ipitishe juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iingie katikati na kuhamia upande wa pili. Sasa kushoto kuna tatu. Fanya vivyo hivyo kutoka kushoto. Ni hilo tu, mpaka mwisho. Akina mama wa pwani wanaosuka ukili wa mikeka wataucheka urahisi wake, ila ukili hauvuti mkono unavyovuta ngozi. Siri iko kwenye mvuto: kila utepe uvutwe kwa nguvu ile ile na kwa pembe ile ile. Ukichoka, simama. Msuko uliokatizwa katikati ya kazi kwa mapumziko hauna doa, ila msuko uliosukwa na mkono uliochoka unaonekana. Ukimaliza, ulaze juu ya ubao, ubingirishe chini ya ubao mwingine ukiegemea kwa uzito, kisha ushone ncha kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Usitegemee gundi peke yake mahali popote panapovutwa.

Wateja wataleta picha za hatamu zilizosukwa kila mahali: juu ya pua, nyuma ya masikio, chini ya taya. Hapo nakataa. Mfupa wa pua umefunikwa na ngozi tu, na msuko una matuta; tuta likijaa vumbi na jasho lililokauka linakuwa msasa. Wanaotaka urembo kichwani nawasukia mkanda wa kipaji, na nyuma ya msuko nashonea ngozi laini. Ukifika zizini kupima, muulize saisi, yule anayemtunza farasi, kabla ya mwenye farasi. "Mzee, huyu amewahi kuumizwa wapi na ngozi?" Atakuonyesha manyoya meupe yaliyoota juu ya kovu, pahali ukanda wa zamani ulipokandamiza. Hapo pasiguswe na kitu kigumu.

Hatamu ya kufungia farasi ni habari nyingine. Sehemu ya juu, nyuma ya masikio, iwe ukanda mmoja mwembamba usiosukwa, unaoweza kukatika. Farasi akishtuka amefungwa, ngozi ikatike. Nailoni haikatiki, na anayevunjika ni farasi. Msuko wa tepe tano una nguvu mno kwa mahali hapo, kwa hiyo usishawishike.

Nasema haya nikiwafikiria pia punda, ingawa punda hawaletewi fundi wa ngozi. Mwea na Limuru wanavuta mikokoteni kwa kamba za nailoni na vipande vya mipira ya magari vinavyowachubua vifua. Ukibakiwa na ngozi ya tumbo isiyofaa vigwe, iweke mara mbili, ishonee blanketi kuukuu ndani, na umpe mwenye punda mkanda wa kifua kwa bei ya uzi. Ngozi hiyo ilikuwa inaenda takataka.

Utunzaji mfundishe saisi mwenyewe, kwa mkono. Vigwe vilivyosukwa havitumbukizwi kwenye ndoo. Vinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kila siku, na mara moja kwa wiki vinapitishwa mswaki na sabuni ya ngozi kati ya tepe. Vikilowa vikauke kivulini, si juani wala karibu na jiko. Mafuta ya kwato za ng'ombe, kidogo, pale tu ngozi inapoanza kuwa kavu. Yakizidi msuko unalegea na nyuzi za kushonea zinaoza. Majira ya mvua ndefu ukungu utaota, hasa Limuru. Ufute kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kausha, na utundike penye hewa. Usivihifadhi kwenye mfuko wa plastiki hata kwa wiki moja.

Na mwambie mteja avirudishe baada ya mwezi wa kwanza. Tepe zitakuwa zimekaa, msuko umeongezeka urefu kidogo, na utahitaji kulinganisha vigwe viwili, kutoboa tundu jipya la bizimu na kukaza mshono wa ncha. Kazi hiyo usiitoze. Iwe ndani ya bei tangu mwanzo.