Barua kwa mwanangu: magari ya baba yenu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: yule mteja wa Arusha aliyepatikana na kaka yako anataka kuchukua magari yote manne kwa mkupuo, je, nikubali au tuyaache mje mgawane wenyewe? Umenikumbusha kwamba nimetimiza miaka 72 na goti langu unalijua. Ni kweli.

Lakini kabla ya habari ya kuuza, nataka tuelewane gari ni la nani. Mimi nasema gari ni la anayeliwasha. Kadi zote bado zina jina la marehemu baba yenu, na mahakama ilinipa mimi usimamizi wa mirathi, sawa. Karatasi hizo hazijui kwamba Volkswagen inataka ukanyage mafuta mara mbili ndipo ugeuze ufunguo. Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, nafungua banda na kuanza na hiyo, maana haina rejeta, inapozwa na upepo, sina maji ya kukagua. Halafu pikapu ya Peugeot 504. Halafu Land Rover. Lori la Bedford nimeliacha tangu mwaka jana. Klachi yake inataka mguu wa mtu mwingine.

Ile Peugeot 404, gari letu la kwanza, wewe huikumbuki, ulikuwa na miaka mitatu ilipoondoka. Baba yenu aliinunua 1977 kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na nusu ya bei ilitoka kwenye mshahara wangu wa ualimu. Aliipenda kwa sababu ya mbio za magari za Safari Rally. Alikuwa anakuhesabia bila kukosea: mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa 404. Mimi niliipenda kwa sababu nilijifunzia humo, gia ikiwa pale kwenye usukani, barabara ya Mvumi, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanamke anaendesha! Watoto walikuwa wakitukimbilia wakipiga kelele.

Desemba 1984 nilikuwa narudi kutoka kozi Morogoro. Treni iliingia Dodoma alfajiri. Nikasimama stesheni nasikiliza, maana mlio wa 404 niliujua hata katikati ya malori. Baba yenu akatokea anasukuma baiskeli. Akafunga sanduku langu kwenye keria, akasema, "Mabati yamepatikana. Arobaini." Unajua miaka ile bati na saruji vilivyokuwa adimu, mtu akivipata hapumui mpaka vifike kwake. Tukatembea hadi Chang'ombe. Sikumuuliza gari liko wapi, naye hakusema.

Ni mabati hayo hayo unayolala chini yake kila ukija. Usiku wa mvua nimewahi kuyahesabu. Kwa hiyo siwezi kusema alikosea, mlihitaji paa. Angeniuliza ningekubali. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, mwanangu: ningekubali.

Mwaka 1993 nilikwenda Kibaigwa kununua mahindi. Nikaingia kwa mama ntilie mmoja kupata chakula, na benchi yake ilikuwa kiti cha nyuma cha gari. Nikaona mshono wa uzi mwekundu. Nilikishona mwenyewe kiti kile, kaka yako alipokichana kwa ncha ya mwavuli. Nikakaa juu yake, nikala wali na maharage mpaka nikamaliza. Jioni nilimsimulia baba yenu. Hakujibu neno. Mwaka uliofuata Land Rover ikaingia uani, na baada yake yale mengine. Alitafuta 404 Iringa, Singida, hata Tabora, na kila alipoikosa alirudi na gari jingine. Majirani walisema mzee anapenda magari. Mimi nilijua anatafuta nini.

Sasa, mteja. Kaka yako asije akamdanganya mtu kwamba yote ni mabovu, wala kwamba yote ni mazima. Pwani chumvi ingeshayamaliza. Hewa kavu ya hapa imetunza vyuma, ila jua limepasua dashibodi na raba za milango, na panya wameshakula nyaya za Volkswagen mara mbili. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa kuwa ilipoanza kutengenezwa 1948 Waingereza walikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa hiyo asitazame bodi, alale chini akague chesisi, hiyo ndiyo ya chuma.

Nilifikiria hata Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambako yapo magari ya Mwalimu. Lakini yale yalimbeba Mwalimu, hata yakinyamaza yanazungumza. Ya kwetu yakinyamaza ni chuma chakavu.

Halafu nikajibishana na nafsi yangu. Kama gari ni la anayeliwasha, basi huyo wa Arusha, mwenye gereji na mafundi wake, ana haki kuliko ninyi watatu, ambao hakuna hata mmoja anayejua kusafisha platini. Jumamosi iliyopita wazo hilo lilinifanya nizime injini nikakaa tu nimeshika usukani. Haya, na yule aliyechukua 404? Naye alijua kuiwasha. Akaikatakata.

Sitakwambia niuze au nisiuze. Ulimi unaniwasha, lakini nyumba hii imeshawahi kuuza gari mtu mmoja akiwa safarini, na sitaki kuwa wa pili kufanya hivyo. Mwambie kaka yako mteja asubiri. Wewe panda treni ya umeme Ijumaa, mdogo wako namwita mwenyewe.

Jumamosi utaanza na Land Rover. Betri yake imechoka, haizungushi stata, kwa hiyo injini utaizungusha kwa mkono, kwa hendeli. Kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kuishika, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikipiga kinyume hendeli inarudi na mkono wako. Ndivyo ulivyovunjika wa baba yenu 1996, ukawa unamkatia nyama wewe.

Mama yako