Savukoski si manispaa

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Kwenye maandalio yangu nimeandika: "Savukoski ni manispaa ya vijijini kaskazini mwa Ufini, inayopitiwa na Mto Kemijoki." Mwenzangu aliyewahi kusoma huko ananiambia kwamba "joki" tayari ni mto, kwa hiyo nimeandika mto mara mbili. Je, nifute "Mto"?

JIBU: Usifute, Mwalimu. Mwenzako anajua Kifini, hilo halina ubishi. Joki ni mto, järvi ni ziwa, niemi ni rasi. Lakini sisi tunaandika Ziwa Nyasa, na nyasa kwa Wayao ni ziwa tu. Tunaandika Jangwa la Sahara, na sahara kwa Kiarabu ni jangwa. Mwanafunzi wako hajui Kifini, na anayo haki ya kuambiwa kwamba Kemijoki ni mto, si mlima wala mji. Ukipenda kuandika "Mto Kemi" nako hukosei. Swali lako limekwisha hapo.

Kinachonikera kiko mwanzoni mwa sentensi yako, na mwenzako mwenye Kifini chake amekipita bila kukiona. Umeandika "manispaa ya vijijini". Mwalimu, hakuna kitu kama hicho! Ni sawa na kuandika "bandari ya jangwani". Na si wewe peke yako. Kila ninapofungua makala ya Kiswahili kuhusu nchi za Ulaya nakuta manispaa zimemwagwa kila mahali. Kijiji chenye kanisa, duka moja na kituo cha mafuta kinaitwa manispaa, eti kwa sababu mfasiri aliliona neno la Kiingereza linalofanana na manispaa akaona kazi imekwisha.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, municipium, yaani mji uliokuwa chini ya Roma huku wakazi wake wakiwa na haki na wajibu wa kiraia. Likapita kwa Waingereza, likafika kwetu. Tangu Roma hadi Temeke ni neno la mji.

Tuchukue Moshi, maana hakuna mfano mzuri zaidi, na nitaeleza sababu. Manispaa ya Moshi ina kama kilomita za mraba 60, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 200,000. Ina meya. Ina mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti wake. Ukitoka ukapanda kuelekea Kibosho au Uru, huko si Manispaa ya Moshi tena. Umeingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ambayo watu wote, kuanzia makondakta hadi wabunge, wanaita Moshi Vijijini. Huko hakuna meya, kuna mwenyekiti wa halmashauri. Hakuna mitaa, kuna vijiji na vitongoji. Tofauti hiyo imo kwenye sheria mbili za 1982, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Mtoto wa darasa la tano pale Kibosho anajua kwamba yeye hakai manispaa. Nchini Kenya nako manispaa ni mji, na sheria ya maeneo ya miji na majiji ya 2011, kama ilivyorekebishwa 2019, inautaka mji uwe na wakazi wasiopungua 50,000 ndipo upewe hadhi hiyo.

Sasa nenda Savukoski. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 6,500, yaani karibu nusu ya Mkoa mzima wa Kilimanjaro, na wakazi wake ni kama 1,000. Hawafiki hata idadi ya wanafunzi wa baadhi ya shule zetu za msingi. Poro, mifugo yao ya pembe inayostahimili baridi, ni wengi kuliko watu. Hakuna eneo la utawala la namna hiyo nchini Ufini lenye watu waliotawanyika zaidi. Upande wa mashariki ni mpaka wa Urusi, na pale mpakani ndipo ulipo mlima Korvatunturi, mita 486, ambao tangu kipindi cha redio cha 1927 Wafini wanausimulia kuwa makazi ya Baba Krismasi. Sehemu ya kaskazini inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen, iliyoanzishwa 1983. Mto Kemijoki, mrefu kuliko yote Ufini kwa kilomita zake 550 hivi, unaanzia kwenye misitu na vinamasi vya huko. Makao makuu ni kijiji kilicho kando ya mto huo, na Wafini wenyewe wanakiita kirkonkylä, maana yake kijiji cha kanisa. Mji uko wapi hapo, Mwalimu? Onyesha mtaa mmoja tu!

Na sababu ya kung'ang'ania Moshi ni hii: savu kwa Kifini ni moshi. Koski ni sehemu ya mto ambapo maji yanakwenda kasi juu ya mawe na kutoa povu. Kwa hiyo ukitaka kumwelewesha mwanafunzi wako Savukoski ni mahali pa namna gani, mwambie ni Moshi Vijijini ya Wafini. Moshi Manispaa yao haipo.

Ubaya wa neno hili ni kwamba haliji peke yake. Mfasiri akishaandika "manispaa", aya inayofuata anaandika "meya wa Savukoski", na hilo ni kosa jingine. Anayeendesha shughuli za pale anaitwa kunnanjohtaja, mtendaji anayeajiriwa na baraza la madiwani. Kwetu tunalo neno lake lililokaa sawasawa, mkurugenzi. Kisha utaona "mtaa wa Martti", wakati Martti ni kijiji kilicho mbali ndani ya misitu. Neno moja likikosewa pale juu, chini yake kunajengwa mji ambao haujawahi kuwapo, na mwanafunzi anaondoka darasani akiwa na picha ya daladala na taa za barabarani.

Wapo watakaonijibu kwamba Wafini wenyewe wana neno moja, kunta, na sheria yao inalitumia kwa Savukoski na kwa Helsinki yenye watu zaidi ya 650,000. Ni kweli. Lakini hebu lichunguze neno hilo. Kunta maana yake ni watu walio pamoja. Ihmiskunta ni wanadamu wote. Seurakunta ni usharika, usharika huu huu ambao Mlutheri yeyote wa Machame au Marangu anaujua. Na kwa karne nyingi huko mashambani Ufini usharika ndio uliokuwa ukiendesha mambo ya watu, hadi amri ya 1865 ilipotenganisha shughuli za kanisa na za serikali ya mahali. Hapo ndipo kunta ya vijijini ilipozaliwa, na miji ikapata amri yake baadaye, 1873. Kwa hiyo neno lao lilitoka shambani likaenda mjini, na linawatosha wote. Letu limezaliwa mjini na limebaki mjini. Huwezi kulivalisha kazi ya kunta kwa sababu tu Kiingereza kimefanya hivyo.

Tena Wafini nao wanajua kutofautisha wanapotaka. Mji unajiita kaupunki. Zamani walikuwa na maalaiskunta, kunta ya mashambani, na kauppala, mji mdogo wa biashara, mpaka mgawanyo huo ulipofutwa 1977.

Uamuzi wangu, basi. Unapozungumzia mamlaka hizi zote kwa jumla, sema halmashauri: Ufini ina halmashauri zaidi ya 300, kila moja ina baraza linalochaguliwa kila baada ya miaka 4, inatoza kodi ya mapato na kuendesha shule. Huduma za afya zilikuwa mikononi mwao pia hadi 2023, zilipohamishiwa kwenye maeneo makubwa zaidi. Helsinki, Tampere na miji mingine iite miji au majiji, na ukiiita manispaa sitagombana nawe. Mahali kama Savukoski paite wilaya. Najua wilaya ya Tanzania ina mkuu wa wilaya anayeteuliwa na Rais, na Savukoski haina mtu wa namna hiyo. Kasoro hiyo naivumilia, kwa kuwa angalau msomaji anaona mashamba, misitu na vijiji anaposikia wilaya. Wakenya watasema wilaya zao zilikwenda na katiba ya zamani. Wanalikumbuka neno lakini, na wasithubutu kuniletea "kaunti ya Savukoski", kwa sababu kaunti ina gavana, na eneo la ukubwa huo kule ni Lappi, ambayo ndani yake Savukoski ni wilaya mojawapo.

Maandalio yako yasomeke hivi, Mwalimu: "Savukoski ni wilaya ya vijijini katika Mkoa wa Lappi, kaskazini-mashariki mwa Ufini, mpakani na Urusi. Mto Kemijoki unaanzia huko." Wanafunzi wakiuliza maana ya jina, usiwaambie "Maporomoko ya Moshi", kwa sababu maporomoko ni maji yanayoanguka kutoka juu, na koski haianguki, inakimbia. Waambie ni maji ya kasi yenye jina la moshi.