Shangazi, mama anasema najichuria

Shangazi, nina miaka 27, nauza vipuri vya simu hapa Kampala. Naishi na mwenzangu mwaka wa nne sasa. Hatujaoana, ila tuna binti. Tulinunua kibanja Mukono, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo mwenyewe ni mtu mwingine, naye akachangia pesa zake za saluni, lakini mkataba una jina langu tu. Rafiki yangu alipofariki kwa ajali ya boda, nikataka kuandika wosia. Mama alilia, akasema najichuria, wosia ni wa wazee. Niachane nao?
Baba Binti, Kampala

Mwanangu Baba Binti,

Mzee wa kijijini akifa, ukoo mzima unajua ng'ombe wake na mpaka wa shamba lake. Zako nani anazijua? Pesa ziko kwenye simu, akiba iko Sacco, na nusu ya bidhaa dukani umekopeshwa na watu wa jumla. Sheria ya mirathi ya Uganda inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia. Haikutaja mvi popote.

Lakini kilichonishtua zaidi ni hicho kibanja. Ukifa bila wosia, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inatoa asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mke au mume, 4 kwa ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu, na 1 kwa mrithi wa kimila. Binti yako yumo, hata kama amezaliwa nje ya ndoa. Mama yake hayumo. Kuishi pamoja, hata iwe miaka ishirini, hakumfanyi mke mbele ya sheria. Ingekuwepo ndoa ya kanisani, ya Kiislamu, ya serikali au hata ya kimila, hapo sawa. Sasa matanga yakishaanuliwa, baba yako mdogo akaja ameshika mkataba wenye jina lako, dada wa watu atamwonyesha nini? Daftari la saluni?

Kwa hilo, wosia peke yake hautoshi. Pesa alizotoa si zawadi ya kumwachia ukifa, ni zake leo hii. Mrudieni aliyewauzia, mwenye ardhi ahusishwe na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awepo, mwandikishe mkataba wenye majina yenu wote wawili. (Kwa nini hamjafunga ndoa siulizi, maana utanuna.)

Iliyo yako ndiyo uiandikie wosia. Karatasi ya kawaida inafaa. Taja mali zako, anayekudai na unayemdai, atakayesimamia mirathi, na atakayemlea binti ikiwa nyinyi wawili hampo. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yako. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wa mtu huyo, kwa sababu kile ulichomwachia kitabatilika. Kama wewe ni Mwislamu, mwone shehe kwanza: wosia hauvuki theluthi ya mali, na mafungu ya warithi yameshapangwa. Na siku ukioa, andika mwingine.

Mama usimsomee vifungu vya sheria. Mwambie unapanga mambo ya mjukuu wake, kisha umuulize angependa nani amlee. Nawajua mabibi: machozi yatakauka papo hapo, na utapewa majina ya watu watatu pamoja na kasoro za kila mmoja. Kama wewe ndiye unayemtunza, mtengee fungu lake. Ukimsahau kwenye wosia, sheria inamruhusu aliyekuwa akikutegemea kwenda mahakamani kudai matunzo, na sidhani ungependa mama yako na mama wa mwanao wakutane huko.

Namba ya siri ya simu usiiandike humo, maana wosia husomwa na wengi. Nakala moja mpe msimamizi uliyemtaja, na mwenzio ajue nyingine umeiweka wapi.

Shangazi