Siji Mombasa Desemba, na sababu si kiburi

Mdogo wangu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili, na ule wa mjomba uliofuata. Mnasema mwenye ghala la Changamwe hatatukodisha bila kuniona uso kwa uso, kwa hiyo nipande ndege, nikae wiki mbili, nitie sahihi, nirudi huku Marekani. Mnasema makaratasi yangu yameshaingia, basi ruhusa ninayo. Mjomba akamalizia kwamba pesa zimenipanda kichwani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, nikaona heri niandike, kwenye simu ningepayuka.

Kilichoingia ni ombi la msamaha, nisamehewe kukaa hapa bila kibali. Fomu I-601A, niliipeleka mwaka 2022 na dola 715 za ada, mbali na za wakili, na mpaka leo sijajibiwa. Ombi likiwa bado linasubiri halikupi kitu: si kibali cha kazi, si ukaazi, si ruhusa ya kutoka na kurudi. Nikitoka kabla halijakubaliwa, limekufa. Tena sheria yao ya 1996 inasema mtu mzima aliyekaa bila kibali mwaka mmoja au zaidi, akishatoka, hawezi kurudi mpaka miaka 10 ipite. Adhabu hiyo imelala muda wote niko ndani. Inaamka siku nitakayotoka. Nami niko hapa tangu 2011.

Nilivyofika mnajua. Nilishuka Baltimore nikiwa baharia, na baharia hupewa siku 29 tu za kukaa nchi kavu. Meli ikang'oa nanga, mimi nikabaki. Huko Likoni kisa hicho kinasimuliwa kama ushujaa, lakini ndicho kinachonitafuna mpaka leo. Yule jirani wa Kisauni mnayenitolea mfano, aliyekuja kumwoza dada yake akarudi salama, aliingia kwa viza ya masomo. Alipooa raia aliomba kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, humuhumu nchini, akapata barua ya kusafiri wakati ombi lake linasubiri. Baharia amefungiwa mlango huo, hata mkewe awe raia wa kuzaliwa. Mimi lazima nitoke, nihojiwe ubalozini kwao Gigiri, Nairobi, ndipo nipewe viza. Ndiyo sababu nasubiri msamaha utangulie, nikivuka niwe nimeshika kitu mkononi.

Mtu atakuambia mbona watu wanatoka tu. Kweli. Hapa uwanja wa ndege hakuna afisa wa kukugongea muhuri wa kutoka. Unapita ukaguzi wa mizigo, unakaa kwenye kiti, unaenda. Shirika la ndege ndilo linalopeleka jina lako serikalini. Utayajua siku ya kurudi. Na rafiki yako anayesema nipitie Mexico nijipenyeze, mwambie anyamaze. Ukitoka baada ya kukaa hivyo kisha ukaingia kwa kichochoro, umefungiwa maisha, na hata kuomba radhi huruhusiwi mpaka umalize miaka 10 nje.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Unajua kinachopimwa katika ombi lile? Inapimwa taabu ya shemeji yako, kwa kuwa yeye ni raia. Taabu iliyopita kiasi, itakayompata nikikataliwa. Ikabidi aketi mbele ya wakili na kutoa karatasi za hospitali za kisukari chake, bili, barua ya daktari, mpaka risiti za kodi ya nyumba, kisha aandike kurasa nne kueleza atakavyovunjika bila mimi. Nilizisoma jikoni usiku, amelala. Kuna mambo mle hakuwahi kunieleza. Watoto wetu wawili hawahesabiwi wenyewe. Uchungu wao unahesabiwa kwa kadiri utakavyomuumiza mama yao. Na mama yetu hahesabiwi kabisa. Presha yake, miguu yake inayovimba, hakuna mahali pa kuyaandika kwenye fomu ile. Nilitafuta.

Basi nimwambie mwanamke huyo kwamba nimeyatupa yote kwa ajili ya ghala?

Biashara haitasimama. Jenereta na mashine za kuchomelea zitafika kwa kontena kama tulivyopanga. Nitakupa uwakala, nitie sahihi hapa mbele ya mthibitishaji, karatasi ipitie ubalozi wetu Washington, halafu wakili wa huko amalizie. Kodi ya ghala amua wewe, wewe ndiye unayeliona na unayemjua mwenyewe. Ila usitie sahihi hata karatasi moja kabla hujanisomea kila mstari. Akikataa kushughulika na wakala, mwache aende zake. Lakini zungumza naye kwa heshima, ghala la karibu na bandari halipatikani ovyo.

Na kile kitabu cha baharia ulichonitumia picha yake. Chukua kazi, bahari inalipa. Meli ikifika Marekani, shuka, nunua zawadi, panda urudi nayo. Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya. Utasimama kwenye ngazi ya meli usiku, utaziona taa za mji, na moyo utakuambia mambo. Wangu uliniambia. Pesa za dawa za mama zinatoka katika usiku ule, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sikupata kitu. Nakuambia usibaki.

Mjomba nitampigia mwenyewe, usimsomee haya. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie Desemba siji. Usimwambie lini nitakuja. Jumamosi saa tatu usiku za kwenu nitapiga, uwe na rasimu ya mkataba mkononi.