Hoteli ya familia Positano, mbona bei yake inatisha?

SWALI: Assalaam aleikum, mzee wetu. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wamechanga pesa watupeleke Italia. Binti yetu mkubwa ameng'ang'ania hoteli ya Le Sirenuse, mjini Positano, pwani ya Amalfi, eti kwa sababu ni ya familia. Nilipoiona bei niliishiwa nguvu. Nijuavyo mimi, pahali pa familia ni pa bei nafuu, mwenye nyumba akupikia mwenyewe. Hii ni familia gani? Na sisi Waislamu tutakula nini huko?
Msomaji, Kizingo, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, bibie, na hongera kwa hiyo miaka 25. Hongera zaidi kwa watoto wanaochanga kwa ajili ya wazazi; wangu mimi hunichangisha.

Familia yenyewe ni ya kina Sersale. Jengo lile jekundu unaloliona kwenye picha za hoteli lilikuwa nyumba yao ya kupumzikia kiangazi. Mwaka 1951 ndugu wanne, wanaume watatu na dada yao, wakaifungua kwa wageni wa kulipa, ikiwa na vyumba vinane tu. Leo vinakaribia 60. Antonio Sersale, mtoto wa mmoja wa wale wanne, anaiendesha na mkewe Carla, na watoto wao wameshaingia kazini. Kwa hiyo familia ipo kweli, ila haipiki. Na bei ya msimu huzidi euro 1,000 kwa chumba, kwa usiku mmoja.

Mimi nimesimama mapokezi ya hoteli Malindi sehemu kubwa ya maisha yangu, na Kitaliano changu nimekiokota pale pale dirishani kwa wageni. Tofauti naijua. Hoteli ya kampuni, ukilalamika maji ya moto hayatoki, meneja anaandika ripoti, na mwakani anahamishiwa tawi jingine. Hoteli ya ukoo, mwenye mali anapita baina ya meza asubuhi, anakusikia kwa sikio lake, na amri inatoka hapo hapo. Wahudumu nao hudumu, wakakukumbuka jina na unavyopenda kahawa yako. Hicho ndicho mnacholipia. Juu yake wekeni vigae vya sakafu vilivyochorwa kwa mkono kule Vietri, mji wa wafinyanzi wa pwani hiyo, na vitu vya kale ambavyo marehemu Franco Sersale, babake Antonio, alikuwa akivikusanya safarini. Jioni, mkahawa wao wa La Sponda huwashwa mishumaa 400, mmoja mmoja, kila siku. Nimekiona kibarua hicho: harusi ya binti wa mgeni wangu wa zamani ndiyo iliyonifikisha Positano, maana mshahara wa mapokezi usingenifikisha.

Sasa shauri langu, na binti yako asinune. Laleni Le Sirenuse usiku mbili, si wiki. Siku hizo mbili msitoke kwenda kuzurura kisiwa cha Capri wala magofu ya Pompei. Kaeni barazani mtazame lile kuba la kanisa la Santa Maria Assunta lenye vigae vya kijani na manjano, bwawa likiwa pembeni, mle na mlale. Kulipa pesa zile kisha ukashinda ndani ya basi ni kuzitupa. Siku zilizobaki hamieni Praiano, kijiji cha jirani. Huko ndiko utakakoikuta ile nyumba ya wageni uliyoitaja, mama mwenyewe jikoni.

Ikiwa mwataka kuingia baharini bila kuteremka mjini, fikirieni Il San Pietro, nje kidogo ya Positano. Nayo ni ya familia, kina Cinque, tangu 1970. Lifti yake imechimbwa ndani ya jabali hadi ufukweni. Kwa raha ya bahari mimi naichagua hiyo. Kwa mandhari ya mji, ile ya kwanza.

Nendeni Mei au mwisho wa Septemba. Baridi ikianza hoteli hizi hufungwa hadi machipuo. Agosti joto kali na watu tele, na tarehe 15 ndiyo sikukuu yao kubwa, hapana pa kuweka mguu. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, ni euro 90 kwa mtu mzima, ombi hupokewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kodi ya utalii hulipwa hotelini, mbali na bei ya chumba, kwa hivyo msidhani mmeibiwa.

Chakula kisikutie wasiwasi: samaki wamejaa. Dagaa wa Cetara, kijiji cha wavuvi cha pwani hiyo, tambi za chaza, samaki wa kuchemshwa kwa nyanya na kitunguu saumu. Penye mtego ni pengine. Taralli, vile vikate vya mviringo vyenye pilipili manga, Napoli hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Ile waiitayo "babà" ni keki iliyoloweshwa ramu, yaani pombe. Na ile keki ya limau inayopendwa pwani yote, delizia al limone, mara nyingi hutiwa limoncello, pombe ya malimau. Mwambieni mhudumu mapema: "senza maiale, senza alcol, nemmeno nel sugo", yaani bila nguruwe, bila pombe, hata ndani ya mchuzi. Wataliano hawakasiriki kuulizwa kuhusu chakula. Hukasirika ukiagiza cappuccino, kahawa ya maziwa, baada ya samaki. Nyama ya halali itafuteni Napoli, karibu na Piazza Mercato, kuna msikiti na maduka.

Na jambo moja litakalowafurahisha: chooni kuna bide, beseni la kujisafishia kwa maji. Sheria ya Italia tangu 1975 inataka kila nyumba iwe nayo. Kopo liacheni Kizingo.

SWALI: Mama yangu ana magoti mabovu, naye anataka kuiona pwani hiyo hiyo ya Amalfi. Positano itamfaa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Haitamfaa. Positano ni ngazi juu ya ngazi. Mizigo yenyewe hubebwa na wapagazi. Mpeleke Maiori, mji tambarare wenye ufukwe mrefu kuliko mingine ya pwani hiyo, benchi kila mahali, na bei za binadamu. Kutoka Roma pandeni treni ya mwendokasi hadi Salerno, halafu boti. Positano ataiona kutoka baharini, na huko ndiko inakopendeza zaidi. Muulizeni tu mwenye hoteli kabla ya kulipa kama lifti ipo, na kama inaanzia barabarani au baada ya ngazi kumi.